Kiganja cha nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kiganja cha mama kinatosha kujua kama mtoto ana homa?" Kabla ya ndiyo au hapana, tuulizane kwanza kiganja chenyewe kimetoka kushika nini.

Alfajiri moja ya kiangazi pale mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mama mmoja alikuwa anaosha dagaa kwenye beseni, upepo wa ziwa unavuma. Akaletewa mwanawe analia. Akafuta mkono kwenye kanga, akamgusa paji la uso: "Huyu anaungua!" Shoga yake, aliyekuwa anakaanga maandazi, akagusa palepale: "Mbona hana kitu? Usimzushie mtoto homa." Wakabishana, huku maandazi yanaungua na wateja wa chai wanachagua upande. Mwenye duka la dawa akaleta themometa. Kwapani ikasoma 38.4.

Hakuna aliyesema uongo. Ngozi haisomi nyuzi. Inasoma tofauti, yaani joto linaloingia au kutoka. Ngozi ya mkono kwa kawaida iko kwenye nyuzi 32 hadi 34 hivi. Mkono uliolowa ukipigwa na upepo, maji yanapokauka huondoka na joto lake, nao ukigusa paji la uso la yeyote, hata mzima, utasema anachoma. Mkono uliokaa motoni umeshapanda na kuzoea, kwa hiyo paji lenye homa halimwongezei mwenye mkono habari yoyote. Anayebisha aweke beseni tatu: maji baridi, ya moto ya kuoga, na vuguvugu katikati. Mkono mmoja huku, mwingine kule, dakika mbili, kisha yote miwili kwenye vuguvugu. Maji ni yaleyale, majibu mawili.

Na wanaomchua mtoto dawa yenye mentholi "ishushe homa" wajue hili: mentholi huamsha kipokezi kilekile (kihisio kwenye neva za ngozi) kinachotambua baridi, kiitwacho TRPM8, kama pilipili inavyoamsha TRPV1, kipokezi cha joto kali linaloanzia kama nyuzi 43. (Wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso.) Mtoto anahisi ubaridi, homa haijasogea.

Kama ni lazima utumie mkono, ukaushe, uuweke mbali na maji na moto kwa dakika kumi. Mtoto aliyekuwa mgongoni mteremshe, mfunue kidogo, ndipo umguse tumboni. Usiamini viganja vya mtoto wala nyayo zake: homa inapopanda, mishipa ya damu ya ngozi hujibana, vidole vinakuwa baridi na ndani anawaka. Ukiwa na themometa, futa jasho la kwapa, ncha iguse ngozi, mbane mkono mpaka ilie. Kuanzia 37.5 ni homa.

Nilikaa kuandika nikitaka kusema hapana. Lakini hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuhudumia watoto wagonjwa wa chini ya miaka 5 unahesabu mwili wa moto kwa kugusa kuwa ni homa, na kwa malaria ya Kigoma hii, kumsubirisha mtoto eti themometa haijapatikana ni hatari zaidi. Basi kiganja kikisema anaungua, kiamini, akapimwe malaria siku hiyohiyo. Kikisema hana kitu na mtoto amelegea au hanyonyi, usikisikilize. Na kwa kichanga cha chini ya miezi miwili sikipi kura yangu kabisa, maana kwake hata mwili kupoa ni dalili ya hatari, na mkono uliotoka kwenye beseni la dagaa hautaigundua.