Wasije wakasema wamenaswa

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Baba yako hajambo, goti limepungua kuuma.

Umeniuliza wewe na vijana wenzako mfanyeje ili rafiki zenu wa kazini na wa mtaani, wale ambao kanisani hawakanyagi, waje kwenye siku mnayoipanga ya kula pamoja na kuwasimulia habari za Yesu, na wasijione wamenaswa. Neno hilo la kunaswa limenichoma, maana yupo niliyewahi kumnasa.

Ulikuwa bado mdogo. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, nilimwambia tu, "Jumamosi kanisani kuna chakula na kwaya, twende." Akajishonea kitenge kipya. Tulipomaliza kula, kiongozi akashika kipaza sauti: wageni wote wapite mbele, kila mmoja ataje jina lake na aseme kama ameokoka. Namwona hadi leo, pochi ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, macho chini, na sisi tunapiga makofi. Njia nzima hakunena. Alipofika mlangoni kwake akasema, "Ungeniambia, dada." Mwaliko wangu mwingine wa kanisani hakuupokea tena.

Kwa hiyo unapomwalika mtu, mwambie yote. Tutakula, tutaimba nyimbo mbili, mwenzetu mmoja atasimulia kwa dakika 10 jinsi Yesu alivyomtendea, mwenye swali atauliza, saa kumi na moja tumemaliza. Akija baada ya kuyasikia hayo, amekuja kwa miguu yake. Rafiki zako Waislamu nao uwaambie vivyo hivyo bila kuficha, na nyama achinje Muislamu ili wote wale kwa amani.

Ukumbi wa kanisa mimi singeuchukua. Juzi kwenye jumuiya tulisoma Luka sura ya 5, nikakukumbuka. Lawi alipoitwa na Yesu, aliandaa karamu kubwa nyumbani mwake, watoza ushuru wenzake wakajaa, na Yesu akaketi kula nao. Walionung'unika ni Mafarisayo na waandishi wao. Uani kwenu panatosha, mwanangu. Kodini viti na turubai, tandikeni mikeka ya watoto.

Kila mmoja wenu alete mgeni mmoja au wawili anaowafahamu hasa, na wenyeji msiwazidi wageni. Mkijazana wenyewe kwa wenyewe mtaanza kupeana "Bwana asifiwe" na kuchekea mambo ya kwaya, mgeni atabaki na simu yake mkononi. Na huyo atakayesimulia, aseme kama anavyoongea na mama ntilie wake. Upako, madhabahu, kufunguliwa, mtu wa nje hayo hayajui, na ataona haya kuuliza. Kapu la sadaka lisipite, hata mzee wa kanisa akisisitiza. Picha za wageni msizirushe mtandaoni bila ruhusa yao.

Umeuliza pia, je, asipookoka mtu siku hiyo? Kuokoa ni kwa Bwana. Ninyi waombeeni kila mmoja kwa jina, tangu sasa, kisha wiki inayofuata mpigie mgeni wako umuulize kama mtoto ameshapona ile homa. Usimpigie kumuuliza mbona Jumapili hakuonekana. Hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu, wanamwandama mtu siku tatu, akisitasita wanamsahau, naye anajua kabisa kwamba hakuwa rafiki, alikuwa hesabu. Wewe usimfanyie mtu hivyo, nakusihi.

Tarehe mliyochagua, mdogo wako anasema Simba na Yanga wanacheza siku hiyo hiyo. Isogezeni Jumamosi ya pili yake, mshahara utakuwa umeshatoka.

Mchele wa Kyela kilo 10 nautuma kwa basi Alhamisi, ukaupokee stendi ya Mbezi. Nimeuchagua mawe, ila upepete tena kabla hujaupika.

Mama yako