Maziwa hayaondoi sumu, na mdogo wako hakuwa "akitishia"

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19. Wiki mbili zilizopita aligombana na mama, akanywa dawa ya kunyunyizia mboga. Tulimpa maziwa, akatapika, sasa yuko sawa. Jirani anasema wasichana hufanya hivyo kutishia tu, mwanaume ndiye anayemaanisha, na ametuelekeza kwa mtaalamu amtoe jini. Bado kuna haja ya hospitali? (Dada, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Haja ipo, tena wiki hii hii. Apimwe mwili, kisha azungumze na mhudumu wa afya ya akili. Ulizeni hospitali ya mkoa. Dawa za shamba zifungiwe leo, na ufunguo akae nao mtu mwingine.

Hilo neno "kutishia" nalisikia karibu kila zamu, na linaniuma. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi wanawake, hasa wasichana, ni wengi kati ya wanaokunywa sumu wakanusurika, na wanaume ni wengi kati ya wanaokufa kwa kujiua. Watu wakaamua kwamba basi mwanamke anaigiza. Sivyo. Anayepona na asiyepona mara nyingi hutenganishwa na kitu kilichokuwa karibu saa ile ya uchungu, na muda uliopita kabla ya kufika kwa daktari. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali hatua kwa hatua, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha vifo vya kujiua kikashuka kwa zaidi ya asilimia 70. Watu hawakuacha kunywa sumu. Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya chupa.

Aliyewahi kujaribu ndiye aliye hatarini zaidi kujaribu tena. Binti akichekwa leo, kesho hatasema neno. Na wavulana, ambao tumewafundisha kunyamaza tangu wadogo, wengi huletwa kwetu wakiwa wamechelewa.

Sasa maziwa. Maziwa, mayai mabichi, mkaa wa jikoni uliotwangwa: hakuna hata kimoja kinachoondoa sumu. Kumtapisha mtu kwa nguvu kunaweza kupeleka sumu kwenye mapafu. Na nafuu isiwadanganye, kwa sababu zipo sumu ambazo mtu huonekana mzima siku nzima huku ini likiharibika. Kwa yeyote atakayekunywa sumu, bebeni chupa au pakiti yake mkimbie naye hospitali. Huyo mtoa majini anawalia pesa na muda, na muda ndio sisi tunaouhitaji kuliko kitu kingine chochote.

Najua wengi huficha kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kinakiuka Katiba. Hofu hiyo naielewa. Lakini mkifika mapokezi mkasema "amekula chakula kibaya", tutaanza kutibu tumbo, na sumu itaendelea na kazi yake.