Paneli za mkonge kwenye gari, zitahimili kweli?

SWALI: Mambo fundi. Niko kwenye kiwanda kidogo, tunatengeneza paneli za ndani za milango na trei za buti, sasa bosi kaja na habari ya kuacha nyuzi za kioo eti twende na mkonge na plastiki iliyoyeyushwa upya. Mi naona mzigo wote utarudishwa. Inawezekana kweli au ni maneno ya matangazo tu?
– Mwenye wasiwasi

JIBU: Inawezekana, tena si jambo la juzi. Trabant ya Ujerumani Mashariki bodi yake ilikuwa mabaki ya pamba yaliyogandamizwa na resini (gundi ya plastiki inayokauka ikawa ngumu), na BMW i3 ilipotoka 2013 paneli za milango zilikuwa na nyuzi za kenafu, mmea wa nyuzi kama mkonge. Bosi wako hajapotea, ila asikimbie.

Mkonge una maadui wawili, maji na moto. Nyuzi za mmea zinakunywa unyevu, usipozikausha vizuri kabla ya kuziingiza kwenye moldi (kalibu) ule unyevu unageuka mvuke unaacha viputo ndani, unatoa paneli inayong'aa kumbe ndani ni sponji, na hiyo ndo itakurudishia mzigo. Moto nao ukifika kama nyuzi joto 200 (hizi za joto, sio za mkonge jamani) zinaanza kuungua, rangi inakuwa kahawia na harufu haitoki garini. Ndo maana watu wanazichanganya na polipropilini, plastiki inayoyeyuka kwenye 165 hivi, naironi achana nayo maana inataka moto unaopita hiyo 200. Faida utaiona kwenye mzani, kioo kina gramu 2.5 kwa sentimita moja ya ujazo na mkonge hauzidi 1.5.

Plastiki ya kuyeyusha upya mi ndo inanitisha zaidi, maana lodi ya leo na ya kesho hazifanani. Anzeni kwa kuichanganya kidogo na mpya, na kila lodi ipimwe inavyotiririka kabla haijaingia mashineni. Sehemu za eabegi na mikanda msiziguse kwanza.



Kabla hujabishana na bosi, pima uzito wa paneli moja ya majaribio, ilaze majini siku nzima, ifute uipime tena. Ikiongezeka sana au kingo zikivimba, hapo una hoja.