Mnaoingia TU Berlin, jueni kwanza chuo kimetoka wapi

Habarini wadogo zangu mnaojiandaa kwenda TU Berlin, yaani Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kule Ujerumani. Najua saa hizi akili yote iko kwenye viza, chumba na Kijerumani, na hayo yana watu wengi wa kuwaelekeza. Mimi nina jambo moja ambalo nilichelewa kulijua, historia ya chuo chenyewe, maana vitu vingi vitakavyowachosha pale mwaka wa kwanza vina sababu yake na ukiijua unasoma kwa moyo mwingine kabisa.

Chuo hiki kimetokana na shule kadhaa. Mwaka 1879 waliunganisha shule mbili za Prussia (dola kubwa ya Ujerumani ya zamani), ya usanifu majengo iliyoanza 1799 na ya ufundi wa viwandani iliyoanza 1821, halafu 1916 ikaingia shule ya madini ambayo ndo kongwe kuliko zote, ya 1770. Hizi zilikuwa shule za serikali za kutoa mafundi na maafisa, watu wa kujenga madaraja na kuendesha viwanda na migodi, kwa hiyo ukikuta kozi yako inadai miezi ya kazi kiwandani usione wanakucheleweshea digrii, hiyo ni damu ya chuo tangu mwanzo. Anza kutafuta nafasi mapema, usisubiri mwaka wa mwisho.

Sasa kuna hili la hesabu. Wengi wanakuja wanadhani chuo cha ufundi ni nyundo na spana tu, wanakutana na hesabu nzito muhula wa kwanza wanachanganyikiwa. Zamani vyuo vikuu vya kawaida viliwadharau mainjinia, vikisema ule ni ufundi siyo elimu, na shule za ufundi hazikuruhusiwa kutoa shahada ya udaktari. Zikapambana miaka mingi, zikajaza hesabu na sayansi kwenye masomo yao, mpaka 1899 Kaisari Wilhelm wa Pili, mtawala wa Ujerumani, akazipa za Prussia haki hiyo, na hata hapo wale wa vyuo vya zamani hawakuridhika, ikabidi cheo kiandikwe kwa Kijerumani na kistari katikati, Dr.-Ing. (daktari wa uhandisi), kisifanane na cha kwao cha Kilatini. Mpaka leo kinaandikwa hivyohivyo! Kwa hiyo hesabu pale haitalegezwa, na dawa yake ni moja, tafuta wenzako wawili watatu wiki ya kwanza kabisa mfanye mazoezi ya kila wiki pamoja, maana kwenye masomo mengi ya hesabu usipofikisha alama za mazoezi hauingii kwenye mtihani. Na mtihani wenyewe lazima ujiandikishe kivyake, kuhudhuria lekcha hakutoshi, angalieni tarehe.

Lakini kinachonigusa zaidi ni cha baadae. Wanazi walipochukua nchi 1933 chuo kikafukuza watu wake. Georg Schlesinger, profesa aliyejenga taaluma ya mashine za karakana, aliwekwa ndani mwaka huohuo, na Gustav Hertz mwenye Nobeli ya fizikia ya 1925 akaondoka 1935, wote kwa kuwa na asili ya Kiyahudi. Huku wenzao wanatolewa, chuo kikafungua kitivo kizima cha teknolojia ya kijeshi, na watu wenye akili nyingi sana wakaendelea kupiga mahesabu yao bila kuuliza yanaenda kufanya kazi gani.

Vita ikaisha, majengo mengi yamebomolewa, na chuo kilipofunguliwa tena Aprili 1946 kilibadilishwa jina kutoka shule ya juu kuwa chuo kikuu, cha kwanza cha ufundi Ujerumani kuitwa hivyo. Maana yake ilikuwa kwamba mhandisi asome pia falsafa, historia, mambo ya jamii, asitoke pale anajua mashine tu. Mimi nilipoambiwa nichague masomo nje ya fani yangu niliona napotezewa muda, nikachukua la rahisi ili nipite, na mpaka leo najuta. Nyie msifanye hivyo. Ile nafasi ya kuchagua chukueni somo litakalowalazimisha kubishana na watu wasio mainjinia, historia ya teknolojia, maadili, siasa ya nishati, hata kama alama zitakuwa za kawaida.

Ah, na lekcha nyingi zinaanza robo saa baada ya muda ulioandikwa, ni utaratibu wao, msikimbie bure.

Siku ya kwanza mkifika jengo kuu msiishie mbele. Ule upande wa barabarani ni wa 1965, mpya na wa kisasa, lakini ingieni ndani mzunguke mpaka nyuma, mtakuta kuta za mawe za karne ya 19 zilizobaki baada ya mabomu. Kaeni pale dakika kumi kabla ya kwenda kupanga foleni ya kadi ya mwanafunzi.