Kolamu nne kati ya 64: kuchagua kabla ya kuleta, katika R

Swali: Niko Mbale, natunza takwimu za chama cha wakulima wa kahawa. Jedwali la mapokezi liko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL: kolamu 64, mistari zaidi ya milioni 2. Nikilisoma katika R (lugha ya programu ya takwimu) kwa amri ya dbReadTable ili nichague kolamu nne tu, kompyuta inaganda. Nifanyeje?

Jibu: dbReadTable huleta jedwali zima, kisha wewe unatupa kolamu 60 zilizokwisha kujaza RAM. Na kama seva iko Kampala, zote zimepita kwenye bando yako. Iache hifadhidata ichague yenyewe. Ukishafungua muunganisho (hapa unaitwa con) na kusakinisha pakiti za R ziitwazo dplyr na dbplyr:

library(dplyr)
kahawa <- tbl(con, "mapokezi")
kahawa |>
  filter(msimu == 2024) |>
  select(tarehe, kituo, kilo, daraja) |>
  collect()

Hapo tbl haisomi data. Inashika anwani ya jedwali tu. filter na select nazo zinaandika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kimyakimya. Mzigo unasafirishwa na collect, kwa hiyo iwe ya mwisho daima. Ukiwa na shaka, weka show_query() mahali pake: ukiona majina manne baada ya SELECT, uko salama. Angalia pia kwamba filter imetangulia. msimu haumo kwenye zile nne, kwa hiyo ukiichuja baada ya select utaambiwa haipo.

Usiandike kahawa$kilo ukitegemea kupata namba, tumia pull(kilo). Ndani ya select, starts_with("kilo"), yaani kolamu zinazoanza na "kilo", inafanya kazi vizuri, ila where(is.numeric) itakataliwa, kwa sababu R haijaiona data na haijui kolamu ipi ni ya namba. Herufi kubwa nazo husumbua: PostgreSQL hugeuza jina lisilofungwa kwa alama za nukuu kuwa herufi ndogo, basi Kilo uliyoiunda imehifadhiwa kama kilo. colnames(kahawa) itakuonyesha majina halisi.

Ukikutana na kosa la "unused arguments" wakati kila kitu kinaonekana sawa, mtuhumiwa wa kwanza ni pakiti ya MASS. Nayo ina select yake, na ukiipakia baada ya dplyr inaifunika. Andika dplyr::select(...) uendelee na kazi.