Tush push haikufutwa, kura hazikutosha

Kuna wanaosema NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, imeifuta tush push, ile mbinu ya Philadelphia Eagles ya kumsukuma kwa nyuma kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) ili apate yadi moja iliyobaki. Hapana, haikufutwa. Kura ya Mei 2025 timu 22 zilitaka ipigwe marufuku, 10 zikagoma, na NFL ili kanuni ipite lazima upate 24 kati ya 32, yaani zilipungua mbili tu. Waliopeleka hoja ni timu ya Green Bay Packers.

Na hilo la "inavunja watu shingo" wanalorudia watu halina takwimu nyuma yake, msimu wa 2024 ligi haikurekodi jeraha hata moja kwenye hiyo mbinu, waliotaka ifutwe walikuwa wanaongelea hatari inayoweza kutokea, manake kwotabeki anainama kichwa mbele afu wenzake wanamsukuma kwa nyuma huku rundo zima la watu linamkandamiza, hofu yenyewe mi naielewa kabisa. Ila sio kwamba haijawahi kuumiza mtu, timu ya Giants walijaribu 2023 dhidi ya Seattle wakaumia wachezaji wao wawili wa mstari wa mbele, senta na taiti endi, kwenye jaribio moja.

Kumsukuma mwenye mpira kuliruhusiwa tangu 2005, kumvuta ndo bado kosa. Kwa hiyo Eagles hawajachezea kanuni yoyote, wana kwotabeki Jalen Hurts mwenye miguu ya chuma na laini nzito ya wachezaji wa mbele inayoshuka chini kuliko wapinzani, timu nyingine zina ruhusa hiyohiyo na bado nyingi haziiwezi kama wao. Kuwanyang'anya kitu walichokifanyia mazoezi kuliko wengine mi naona ni uonevu.