Kundi Likivunjika, Nyimbo Zisizikwe Nalo

Kundi la muziki la andagraundi, lile ambalo bado halijatoka kimuziki, likivunjika, hakuna redio inayotangaza msiba. Shabiki wa Temeke au Tandale anagundua tu kwamba shoo zimekatika na mmoja wao ametoa wimbo peke yake. Inauma, na inauma zaidi kwa sababu zile mistari ulizozikariri hazipo dukani. Ziko kwenye simu ya mtu, kwenye kompyuta ya studio ya uani, na kwenye flashi moja isiyojulikana iko kwa nani.

Omboleza, ni haki yako. Ila fahamu kwamba nyimbo hupotea miezi hiyohiyo ya mwanzo. Prodyuza anafuta kazi za zamani apate nafasi. Mwenye nywila ya chaneli anafuta kila kitu kwa hasira. Ada ya mwaka ya kusambaza nyimbo mtandaoni haina tena wa kuilipa.

Muziki wa Dar umezoea kugawanyika. Bendi ya Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na kufika 1985 baadhi ya wanamuziki wake, Muhidin Maalim akiwemo, walikwenda kuunda bendi nyingine, International Orchestra Safari Sound. Lakini bendi za aina hiyo zilirekodi Redio Tanzania, na kanda zikabaki maktaba. Kundi lako halina maktaba. Maktaba ni nyinyi mashabiki.

Anzieni studio, kwa sababu huko ndiko kwenye kilicho bora na ndiko kunakofutwa haraka. Msiombe faili la mradi peke yake, lile la programu ya kurekodia: likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na programu zilezile na sauti zilezile, linafunguka nusu au linagoma kabisa. Mwombeni prodyuza atoe kila traki, yaani kila ala na kila sauti, peke yake, mdundo vipande vipande na vokali bila mapambo, kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, zote zikianzia sekunde ya sifuri ili zipangike zenyewe baadaye. Traki moja ya mono (sauti ya njia moja) ya dakika 4, kwa kilohezi 44.1, ni kama megabaiti 32. Wimbo wenye traki 20 unakula megabaiti 640 hivi. Flashi ya gigabaiti 16 inabeba nyimbo zaidi ya 20. Mlipeni muda wake, maana kazi hiyo inakula siku nzima.

Flashi za bei ya kutupa pale Kariakoo zichunguzeni kwanza. Feki huandika gigabaiti 64 wakati ndani zipo 8, na zikijaa zinaandika juu ya kilichokuwepo bila kukuambia. Programu ya H2testw inaijaza flashi yote kisha inasoma tena. Ikileta makosa, irudisheni dukani.

Kwa nyimbo zilizo kwenye simu, mtumiane WhatsApp kama dokumenti, hasa video za shoo, kwani zikipita njia ya kawaida zinabanwa na ubora unashuka. MP3 msiigeuze kuwa MP3 nyingine, maana kila mara inapungua kitu. Kuigeuza WAV nako hakurudishi kilichopotea. Mkipata nakala tatu za wimbo mmoja, tunzeni zote mpaka mzisikilize: mara nyingi moja ina vesi iliyokatwa, na nyingine ina sauti ya DJ juu ya kiitikio.

Kundi la enzi za kaseti lina tabu yake. Unyevu wa pwani huotesha fangasi, unga mweupe kwenye mkanda. Kaseti yenye unga huo isichezwe, itachafua na kichwa cha redio, kile kinachosoma mkanda. Iliyo safi ipelekwe mbele mpaka mwisho na kurudishwa mara moja kabla ya kurekodi, ili mkanda ulegee sawasawa. Kichwa kifuteni kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Rekodini biti 24, kilohezi 48; kaseti ya dakika 60 itachukua gigabaiti 1 hivi. Baada ya hapo ifungieni kwenye mfuko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya maboksi ya viatu.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Mafuriko ya Jangwani hayachagui kabati.

Kusikiliza kwenu ni jambo moja, kupandisha YouTube ni jingine. Mdundo una mwenyewe na kila vesi ina mwenyewe, kwa hiyo ruhusa ya mmoja haitoshi. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuiondoa chaneli nzima.

Mkienda kwa wanachama, nendeni kwa kila mmoja kivyake, na daftari. Andikeni nani aliandika vesi ipi, nani aliimba kiitikio, studio gani, mwaka gani. Msimuulize kwa nini waliachana. Mchezeeni wimbo, mwacheni asikilize mpaka mwisho, ndipo muulize la kwanza.